Kifumbu, Ungo na Tarakilishi: Nani Aamue Vichujio vya Ripoti za Kiswahili?

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mfanyabiashara asiyeandika anachouza na anachokopesha. Hata hivyo, katika karne hii ya ishirini na moja, haitakuwa makosa kuielekeza kwa idara za Kiswahili za vyuo vikuu. Idara hizi zina mali tele: tasnifu za uzamili na uzamifu, rekodi za fasihi simulizi zilizokusanywa nyanjani, diwani, nakala za miswada na majarida ya vyama vya wanafunzi. Mali ipo, daftari ndilo linalotatiza. Pale lilipo, mara nyingi ni orodha iliyochapwa mara moja, ikapangwa kwa namna moja, na ikabaki hivyo hadi atokee mtu mwingine wa kuiandika upya.

Siku hizi daftari hilo linahamia katika programu za wavuti, yaani programu zinazotumiwa kupitia mtandao. Ndani ya programu hizo msomaji hatoi tena swali kwa mkutubi. Hubonyeza vichujio, akachagua mwaka, utanzu au mwandishi, kisha akapewa ripoti. Makala haya yanadai kwamba uamuzi wa nini kichujwe na kwa kigezo gani ni uamuzi wa kiisimu na kifasihi kabla haujawa uamuzi wa kitarakilishi. Kwa hivyo, mwanafunzi na mhadhiri wa Kiswahili wanapaswa kuwapo msimbo unapoandikwa. Wakiitwa baadaye kutafsiri maneno ya vitufe tu, watakuta mengi yameshaamuliwa, na baadhi ya maamuzi hayo huificha fasihi yenyewe.

Ripoti ya Kutumika Tena na Tena

Ni vyema kwanza kueleza ripoti hizi hutengenezwaje. Chukulia idara iliyo na hifadhidata ya tasnifu zake. Mhadhiri mmoja anaomba orodha ya tasnifu zinazohusu riwaya. Mwanaprogramu anaandika maagizo ya kuitoa. Juma la pili mwingine anataka tasnifu za riwaya za miaka kumi iliyopita. Mwanaprogramu ananakili maagizo ya kwanza na kuyabadilisha kidogo. Wa tatu anataka za ushairi, wa nne za isimujamii. Baada ya muda kuna ripoti ishirini zinazofanana kama mapacha. Kosa likigunduliwa katika moja na kurekebishwa, kumi na tisa hubaki nalo. Idara hiyo sasa ina madaftari ishirini yanayopingana.

Njia bora ni kutenganisha mambo matatu: data zenyewe, swali linaloulizwa, na sura ambayo jibu linavaa. Wazo la kutenganisha data na namna zinavyohifadhiwa liliwekewa msingi imara mwaka 1970, pale Edgar F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, alipochapisha makala yaliyopendekeza data zipangwe katika majedwali yanayohusiana, ili mwenye kuuliza asilazimike kujua zimehifadhiwaje ndani ya mashine. Katika muongo huohuo Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wote wa IBM, walibuni lugha ya kuyauliza majedwali hayo, ambayo leo inajulikana kama SQL.

Katika programu ya wavuti iliyoundwa vizuri, swali la msingi huandikwa mara moja tu: leta tasnifu zote. Kila kichujio kina sharti lake. Msomaji akichagua mwaka, sharti la mwaka huongezwa, asipochagua, haliongezwi. Akichagua mwaka na utanzu, masharti yote mawili hushikamana. Vichujio vilivyochaguliwa huweza kuandikwa katika anwani ya ukurasa, hivi kwamba mhadhiri anaweza kuituma anwani hiyo kwa wanafunzi wake na wote wakafungua ripoti ileile. Jibu likishapatikana, linaweza kuonyeshwa kama jedwali kwenye kiwambo, kupakuliwa kama lahajedwali, au kupigwa chapa, bila ya kuandika swali upya. Aidha, kuna sharti la usalama: anachoandika msomaji katika kichujio hakibandikwi ndani ya maagizo jinsi kilivyo. Hupitishwa kando kama thamani, la sivyo mjanja anaweza kuandika amri mahali pa jina na kuifuta hifadhidata nzima.

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hapaswi kuona ugeni katika hili. Tarbia ni umbo linalotumika tena na tena. Ubeti una mishororo minne. Kwa kawaida kila mshororo una mizani kumi na sita, minane ya ukwapi na minane ya utao. Vina hupangwa kwa kanuni inayojulikana. Malenga habuni umbo jipya kila anapotaka kusifu, kulaumu au kuomboleza. Umbo hubaki, maudhui hubadilika. Ripoti njema ni umbo la namna hiyo.

Hali kadhalika, mpishi wa pwani hawezi kushangazwa na habari za vichujio. Ana kifumbu cha kukamulia tui la nazi, chekecheke ya unga, na ungo wa kupepetea mchele. Kila chombo kimefumwa kulingana na kinachopitishwa humo. Atakayechuja tui kwa ungo atabaki na mikono iliyolowa tu.

Mfano kutoka Sekta ya Afya

Yamkini kuna watakaodhani kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali. Kenya ina mfano wake. Tangu mwaka 2011 nchi hii imetumia programu ya wavuti ya DHIS2 kukusanya takwimu za afya kutoka vituo vya umma kote nchini. Programu hiyo ni huria, na uundaji wake unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Chimbuko lake ni kazi iliyoanza Afrika Kusini katika miaka ya 1990, baada ya kuanguka kwa utawala wa ubaguzi wa rangi. Msingi wake ni maswali matatu tu: nini, wapi na lini. Kila takwimu hubeba majibu ya maswali hayo, kwa mfano idadi ya watoto waliochanjwa, katika zahanati fulani, mwezi fulani. Kwa sababu hiyo, ripoti moja inaweza kuchujwa kwa zahanati, ikapanda hadi eneo kubwa zaidi, kisha ikafika taifa zima, bila ya kuandikwa upya.

Funzo lililopo ni la mpango, wala si la tiba. Katiba ya mwaka 2010 iliiletea Kenya kaunti 47, zilizoanza kazi baada ya uchaguzi wa mwaka 2013. Ripoti yoyote ambayo msimbo wake ulikuwa na majina ya mikoa minane ya zamani yaliyoandikwa ndani kwa ndani ililazimu kufumuliwa. Ripoti ambayo majina ya maeneo yalikuwa data, yakiwa katika jedwali lake, ilihitaji jedwali hilo tu kubadilishwa. Kigezo kinachoweza kubadilika hakifai kufungiwa ndani ya msimbo. Wanaisimu wanajua vyema kwamba majina ya tanzu, lahaja na hata istilahi hubadilika. Maadamu hali ni hiyo, majina hayo pia yanastahili kukaa mahali ambapo idara inaweza kuyarekebisha bila kumtafuta mwanaprogramu.

Ngeli Zinapogoma

Kikwazo cha kwanza kinachohitaji jicho la mwanaisimu ni upatanisho wa kisarufi. Ripoti inayotumika tena kwa vitu vya aina nyingi kwa kawaida huwa na sentensi moja yenye nafasi mbili: nafasi ya idadi na nafasi ya jina la kitu, kisha kitenzi. Kwa Kiingereza sentensi hiyo hiyo hutosha kwa vitabu, waandishi na miswada, kwa kuwa kitenzi chake hakibadiliki. Mtafsiri wa Kiswahili hupewa neno hilo moja alitafsiri, naye huandika "imepatikana". Matokeo yake ni ripoti inayotangaza kwamba "vitabu 5 imepatikana" na "waandishi 3 imepatikana". Msomaji hucheka, kisha hurudi kwenye Kiingereza akiamini kwamba Kiswahili hakiiwezi tarakilishi.

Ukweli ni kwamba ni msimbo uliojengwa juu ya sarufi ya lugha nyingine. Kiswahili hudai vitabu 5 vimepatikana, waandishi 5 wamepatikana, mashairi 5 yamepatikana, tasnifu 5 zimepatikana, miswada 5 imepatikana. Nyenzo za kawaida za kutafsiria programu, mathalani gettext, zina nafasi ya umoja na wingi. Viwango vya Unicode navyo vinakitambua Kiswahili kuwa na maumbo mawili ya idadi, la kimoja na la vinginevyo. Ngeli, hata hivyo, hazijatengewa nafasi katika mpango huo wa idadi. Idadi ikiandikwa kwa maneno, mambo huzidi kutatiza, kwani ni vitabu vitano na vinane, lakini vitabu sita, saba na tisa.

Kuna njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kukwepa: badala ya sentensi, ripoti iandike "Idadi ya vitabu: 5". Njia hii ni nyepesi na inatosha katika majedwali mengi. Ya pili ni kuifanya ngeli kuwa data. Kila jina la kitu katika programu liandikwe pamoja na ngeli yake, na msimbo uchague kiambishi kinachofaa. Tayari kuna nyenzo zinazoruhusu jambo hili. Mfumo wa Fluent wa Mozilla, uliofikia toleo la kwanza rasmi mwaka 2019, humwezesha mtafsiri kuambatisha sifa za kisarufi kwenye neno na kuzitumia katika sentensi nyingine. Chombo kipo. Anayekosekana ni mtu wa kuketi na mwanaprogramu na kumwambia ngeli ni nini, tena kabla ya msimbo kukamilika.

Neno Linalotafutwa Halipatikani

Kikwazo cha pili ni utafutaji. Kichujio cha kawaida hulinganisha herufi kwa herufi. Mtafiti akiandika "mwalimu" hatapata kichwa cha tasnifu chenye neno "walimu". Akiandika "jicho" hatapata "macho". Akiandika "ukuta" hatapata "kuta". Anayetafuta "utenzi" hatauona utungo wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ikiwa aliyeusajili alifuata matamshi ya Kiamu na kuandika "utendi". Hakuna kati ya wawili hao aliyekosea. Kilichokosea ni kichujio kisichojua kwamba maneno hayo ni ndugu.

Suluhisho linafahamika miongoni mwa wanaisimu. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitumia miaka mingi kuunda programu ya kuchanganua mofolojia ya Kiswahili, na kutokana na kazi hiyo kukapatikana Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo toleo lake la pili lina maneno takriban milioni 25 yaliyochanganuliwa. Ikiwa mashine inaweza kufundishwa kwamba "waliimbiana" inatokana na "imba", basi kichujio cha maktaba ya idara kinaweza angalau kupewa jedwali dogo la umoja na wingi, na jedwali jingine la tahajia mbadala. Kuandaa majedwali hayo hakuhitaji mtaalamu wa msimbo. Kunahitaji mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyesoma mofolojia na kuielewa.

Mwaka wa Muyaka

Kikwazo cha tatu ni tarehe, na hapa mwanafasihi ndiye mwenye neno. Programu nyingi hutenga kisanduku kimoja kiitwacho "mwaka" na kulazimisha kijazwe tarakimu nne. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliaga dunia takriban mwaka 1840. Diwani yake iliyohaririwa na William Hichens ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940. Ikiwa kisanduku cha mwaka ni mwaka wa kuchapishwa, ripoti ya ushairi wa karne ya kumi na tisa haitamtaja Muyaka kabisa, ilhali ripoti ya karne ya ishirini itamweka karibu na Shaaban Robert. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiiamini ripoti hiyo, atajifunza historia iliyopinduliwa, na hakuna atakayekuwa amemdanganya kwa makusudi.

Isitoshe, miswada ya kale hutumia mwaka wa Hijria. Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, una tarehe inayolingana na mwaka 1728 Miladia. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladia kwa takriban siku kumi na moja, kwa hivyo mwaka mmoja wa huku huweza kugusa miaka miwili ya kule. Kisanduku kimoja hakitoshi. Zinahitajika safu za tarehe jinsi ilivyoandikwa na mwenye mswada, mwaka wa mapema zaidi unaowezekana, mwaka wa mwisho unaowezekana, na mwaka wa kuchapishwa ukiwa peke yake. Kichujio nacho kiulize kama vipindi viwili vinakutana, badala ya kuuliza kama tarakimu mbili ni sawa. Kwa mwanaprogramu hiyo ni kazi ya dakika chache. Hataifanya asipoambiwa, kwa kuwa hajawahi kukutana na Muyaka.

Kisanduku Kitupu na Shairi Huru

Kikwazo cha nne ndicho chenye madhara makubwa zaidi, nacho hakionekani kwa macho. Chukulia hifadhidata ya mashairi yenye safu ya mizani. Mashairi yanayofuata kanuni ambazo Kaluta Amri Abedi alizieleza katika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 hujaza safu hiyo bila shida. Je, mashairi ya Euphrase Kezilahabi katika Kichomi, diwani ya mwaka 1974, yajazwe nini? Msajili makini ataacha kisanduku kitupu, kwa sababu idadi maalumu ya mizani haihusiki na mashairi hayo.

Sasa mtafiti anatoa ripoti mbili. Katika ya kwanza anachuja mashairi yenye mizani kumi na sita. Katika ya pili anachuja mashairi ambayo mizani yake si kumi na sita. Anatarajia kwamba ripoti hizi mbili zikiunganishwa zitatoa mashairi yote yaliyomo. Hazitatoa. Katika lugha ya SQL, kisanduku kitupu kikilinganishwa na thamani yoyote hakitoi jibu la ndiyo wala la siyo. Hutoa jibu la tatu, yaani haijulikani, na mstari wenye jibu hilo hauingizwi katika ripoti. Kwa hivyo Kichomi haimo katika ripoti ya kwanza, wala haimo katika ya pili. Mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, uliowagawa wanajadi na wanamapinduzi kwa hoja na vitabu, unaamuliwa kimyakimya na mashine isiyojua kwamba kulikuwa na mgogoro.

Codd mwenyewe aliliona tatizo la utupu. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alitofautisha thamani iliyokosekana ingawa inahusika, na thamani iliyokosekana kwa kuwa haihusiki. Wanafasihi wanahitaji tofauti hiyo. Shairi ambalo mizani yake haijahesabiwa si sawa na shairi lisilofungwa na mizani. Mtunzi ambaye jina lake limesahauliwa si sawa na wimbo wa jandoni ambao ni mali ya jamii nzima. Utupu wa aina mbalimbali upewe majina mbalimbali, na kila kichujio kiwe na chaguo la kuuonyesha.

Lahaja nazo ziko katika hatari iyo hiyo. Katika mfumo wa kimataifa wa misimbo ya lugha, ISO 639-3, Kiswahili cha Kongo kina alama yake, swc, ilhali Kiswahili cha pwani kimepewa alama moja, swh. Kiamu, Kimvita na Kiunguja vyote viko chini ya alama hiyo. Hifadhidata itakayotegemea alama hizo pekee haitaweza kumtenga Abdilatif Abdalla, aliyetunga Sauti ya Dhiki ya mwaka 1973 kwa Kimvita, na mshairi wa Kiswahili sanifu. Lisilokuwa na safu haliwezi kuchujwa, na lisiloweza kuchujwa halionekani katika ripoti.

Pingamizi na Majibu

Wapo watakaosema kwamba kazi ya msimbo ni ya wataalamu wa tarakilishi, na kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake. Hoja hii ina ukweli wake, kwani hakuna anayemtaka mwanafasihi aache diwani ashike seva. Lakini mifano iliyotolewa imeonyesha kwamba mwanaprogramu hodari kabisa anaweza kuandika msimbo usio na dosari ya kiufundi, na bado ukampoteza Muyaka. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Wengine watadai kwamba fasihi haipimiki kwa visanduku. Ni kweli, na haipaswi kudhaniwa kwamba ripoti ni uhakiki. Ripoti humwelekeza mhakiki pa kwenda. Orodha ya miswada iliyotungwa na J. W. T. Allen na kuchapishwa mwaka 1970, ikieleza hazina ya maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, haikuua ladha ya tendi. Iliwafungulia watafiti mlango. Tofauti ni kwamba orodha iliyochapwa ina mpangilio mmoja, ilhali ripoti yenye vichujio ina mpangilio kwa kila swali.

Kuna pia wanaoona kwamba Kiingereza kinatosha katika mambo haya. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Tangu mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa toleo la Kiswahili la programu huria ya OpenOffice, imethibitika kwamba istilahi zinaweza kupatikana. Kazi hiyo ilitafsiri uso wa programu. Hatua inayofuata ni kuingia kwenye mifupa.

Pingamizi zito zaidi ni la faragha. Vichujio vingi vikiunganishwa vinaweza kumfichua mtu. Rekodi za fasihi simulizi zikichujwa kwa jinsia, umri, kijiji na mwaka, huenda akabaki bibi mmoja tu, ambaye pengine alisimulia kwa sharti kwamba hatatajwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazilinda taarifa za watu binafsi, na hata bila sheria, adabu ya utafiti inadai hivyo. Jawabu ni kuweka kiwango: ripoti ikibakiwa na wasimulizi wachache mno, isionyeshe sifa zao. Hilo nalo huamuliwa na anayejua heshima iliyopo kati ya mtafiti na msimulizi.

Mapendekezo

Kutokana na hayo, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, idara inayotaka kuweka hazina yake mtandaoni ianze kwa kikao cha kukubaliana juu ya safu na maana zake, kabla ya mstari mmoja wa msimbo kuandikwa. Makubaliano hayo yaandikwe kwa Kiswahili.

Pili, kila ripoti itaje juu yake vichujio vilivyotumika, tarehe ilipotolewa, na idadi ya kazi zilizoachwa nje kwa sababu ya visanduku vitupu. Ripoti isiyosema imechuja nini ni kama shahidi asiyetaja alisimama wapi.

Tatu, kozi za mbinu za utafiti zitenge nafasi ya kuwafunza wanafunzi wa Kiswahili namna jedwali linavyoulizwa. Programu za kufanyia kazi hiyo, kama vile PostgreSQL, zinapatikana bila malipo.

Nne, vyama vya wanafunzi vianze na mali iliyo karibu: majarida yao wenyewe. Makala, mashairi na hadithi za matoleo yaliyopita zikisajiliwa kwa mwandishi, utanzu, mada, mwaka na lahaja, kitakuwa kiwanja kizuri cha mazoezi. Makosa yatakayofanywa humo yatakuwa madogo, na mafunzo yatakuwa makubwa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ripoti yenye vichujio haiwezi kutochagua. Inachagua kipi ni kimoja na kipi ni kingine, kipi kinahusika na kipi hakihusiki, nani ni wa karne gani na nani ni wa lahaja gani. Katika maktaba ya zamani maamuzi hayo yalifanywa na mkutubi aliyeweza kuulizwa ana kwa ana. Katika programu ya wavuti yamezikwa ndani ya msimbo, nayo hurudiwa kila ripoti inapofunguliwa. Kinachojengwa mara moja na kutumika mara elfu hukosea mara elfu kikikosewa mara moja. Samaki mkunje angali mbichi: mwanafunzi wa Kiswahili aingie jikoni wakati kifumbu kinafumwa, asisubiri kuitwa mezani kuonja tui lililokwisha kumwagika.